Safari ya katoni kuukuu kutoka Majengo hadi kiwandani

KATONI tupu iliyotupwa nje ya duka katika mtaa wa Majengo, jijini Nairobi, haikai hapo kwa muda mrefu. Mwenye duka huiona kuwa taka inayomzibia mlango, lakini mwokota karatasi huiona kuwa sehemu ya chakula chake cha siku hiyo. Kati ya watu hawa wawili imeota biashara ambayo wakazi wengi wa Eastlands huiona kila siku bila kujua inaanzia wapi na inaishia wapi.

Biashara hiyo hutegemea jambo moja: kwamba karatasi ngumu iliyokwisha kutumika inaweza kusagwa, kuoshwa na kufanywa karatasi tena. Mkokoteni uliosheheni katoni zilizofungwa kwa kamba unapopita kuelekea eneo la viwanda, huwa umebeba malighafi ambayo isipookotwa huishia mtoni, motoni au katika jaa la Dandora.

Mtaa uliozungukwa na masoko

Majengo ni sehemu ya Pumwani, eneo lililotengwa na serikali ya mkoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Mtaa huo wenye historia ndefu ya Uislamu na lugha ya Kiswahili leo umezungukwa na baadhi ya masoko makubwa zaidi nchini. Upande mmoja kuna Gikomba, soko la nguo na viatu vya mitumba. Jirani yake kuna Kamukunji, kunakouzwa vyombo vya nyumbani kwa jumla na ambako mafundi wa jua kali hufua masufuria na masanduku ya bati. Si mbali sana kuna Eastleigh, ambako maduka hupokea bidhaa kutoka Uchina, Dubai na kwingineko.

Bidhaa nyingi katika masoko hayo hufika zikiwa ndani ya katoni. Sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia, viatu vipya, simu, sahani na glasi zote husafirishwa hivyo. Mzigo unapofunguliwa, bidhaa hupangwa rafuni na katoni hubaki haina kazi. Hii ndiyo sababu Majengo, licha ya kuwa mtaa wa watu wa kipato cha chini wasionunua vitu vingi vilivyofungwa, una katoni nyingi karibu yake.

Hata hivyo, si kila katoni huenda kusagwa. Iliyo nzima na imara huuzwa tena kwa wachuuzi wanaopakia mizigo yao ya kwenda mashambani. Nyingine hugeuzwa kuwa kipepeo cha kuchochea jiko la makaa, kiota cha vifaranga, tandiko la kuwekea bidhaa sokoni, au kizibo cha ukuta unaopitisha baridi. Wataalamu wa mazingira huyasifu matumizi ya aina hii, kwa kuwa kutumia kitu mara ya pili kama kilivyo hakuhitaji maji, umeme wala mashine. Ni pale tu katoni inapochakaa ndipo inapofaa kupelekwa kiwandani.

Katoni ni kitu gani?

Wengi hudhani katoni ni karatasi moja nene. Ukweli ni kwamba ukuta wa katoni ya kawaida una karatasi tatu. Mbili za nje ni tambarare, na katikati yake kuna ya tatu iliyokunjwa kwa mawimbi mfano wa mabati ya kuezekea. Mawimbi hayo ndiyo huipa katoni nguvu ya kubeba uzito bila yenyewe kuwa nzito. Karatasi hizo tatu hugandishwa kwa gundi ya wanga, yaani unga unaotokana na mahindi, viazi au muhogo. Ndiyo maana katoni ikilowa, kuta zake huachana kwa urahisi.

Ubunifu huo si wa jana. Karatasi ya mawimbi ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka wa 1856, ikikusudiwa kuwekwa ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mnamo 1871, Albert Jones wa Marekani alipata hataza ya kuitumia kufungia vitu vinavyovunjika kama vile chupa. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1879, Robert Gair wa Brooklyn alipata wazo la kukata na kukunja kadibodi kwa mpigo mmoja baada ya mashine ya kiwanda chake kukata mifuko iliyokusudiwa kukunjwa tu. Kosa hilo la mashine ndilo lililozaa visanduku vyepesi ambavyo leo hubeba dawa ya meno, majani ya chai na viberiti.

Kwa hivyo, mwokota karatasi hukutana na aina tatu za vifungashio. Ya kwanza ni katoni ya mawimbi, ambayo ndiyo yenye soko kubwa kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu na imara. Ya pili ni kadibodi nyembamba ya visanduku vidogo, ambayo mara nyingi nyuzi zake ni fupi. Ya tatu ni pakiti ya maziwa au maji ya matunda, ambayo kwa nje huonekana kuwa karatasi lakini kwa ndani ina siri nyingine.

Mikono minne

Kabla haijafika kiwandani, katoni hupitia mikono kadhaa. Wa kwanza ni mwokotaji au mwenye mkokoteni, ambaye huzunguka madukani na sokoni, akivunja katoni, akizilaza na kuzifunga. Baadhi yao huwa na mapatano na wenye maduka, ambapo mmoja husafisha mbele ya duka naye huachiwa katoni zote.

Wa pili ni mnunuzi mdogo wa mtaani mwenye mizani. Huyu hununua kwa kilo, hulipa papo hapo na kuhifadhi mzigo hadi utimie lori. Wa tatu ni mfanyabiashara mkubwa mwenye bohari na mashine ya kushindilia, ambayo hubana katoni na kuzifunga kwa waya kuwa marobota, kama yale ya mitumba ya Gikomba. Wa nne ni kiwanda chenyewe.

Kila mkono huongeza kitu juu ya bei. Mwokotaji, ambaye hufanya kazi ngumu zaidi, hupata kiasi kidogo zaidi kwa kila kilo. Sababu si ujanja wa madalali pekee. Kiwanda hakiwezi kupokea mkokoteni mmoja mmoja. Hutaka tani nyingi kwa wakati mmoja, zikiwa kavu na zimechambuliwa. Anayeweza kukusanya kiasi hicho ndiye anayeweza kuzungumza bei na kiwanda. Kwa msingi huo, vikundi vya vijana vinavyounganisha mizigo yao na kuuza pamoja huwa na nafasi bora kuliko mtu anayeuza peke yake.

Suala jingine linalozua mivutano ni maji. Karatasi hunyonya unyevu haraka, na katoni iliyonyeshewa huweza kuongezeka uzito maradufu. Mnunuzi hataki kulipia maji kwa bei ya karatasi, hivyo hupunguza kilo kwa kukisia. Tuseme mkokoteni una kilo 100 na mnunuzi akakata kilo 20 kwa madai kwamba mzigo umelowa. Ikiwa maji yaliyomo ni kilo 5 tu, mwuzaji amepoteza malipo ya kilo 15. Naye anayemwagia mzigo wake maji makusudi ili upate uzito huwaharibia wenzake, kwani mnunuzi akigutuka huanza kuwakata wote. Katika msimu wa mvua za masika, mkusanyaji asiye na turubai wala kibanda hupoteza pato lake bila kosa lolote.

Mizani nayo ina sheria yake. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, inataka kila mizani inayotumiwa katika biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri wa serikali. Mwuzaji wa karatasi ana haki sawa na mnunuzi wa nyama au sukari ya kuuliza iwapo mizani inayompimia imekaguliwa.

Ndani ya kiwanda

Nairobi ina viwanda vilivyofanya kazi hii kwa miaka mingi. Kinachofahamika zaidi ni Chandaria Industries, kilichoanzishwa mwaka wa 1964, ambacho hutumia karatasi kuukuu kutengeneza karatasi za shashi na za msalani. Wanaotengeneza katoni nao huhitaji karatasi ya kahawia, na sehemu ya karatasi hiyo hutokana na katoni za zamani.

Kazi huanza kwa kumimina marobota ndani ya pipa kubwa lenye maji na visu vinavyozunguka kwa kasi, mfano wa mashine ya kusagia matunda. Huko gundi ya wanga huyeyuka, karatasi huvurugika na nyuzi zake huachana hadi kupatikana rojo mfano wa uji mwepesi. Rojo hilo hupitishwa katika vichujio na vyombo vya kuzungusha ambavyo huondoa pini, utepe wa plastiki, mchanga na vipande vya chuma.

Kama lengo ni kutengeneza karatasi nyeupe, rojo huoshwa ili kutoa wino. Hupulizwa hewa pamoja na sabuni, nao wino hunata kwenye mapovu na kuenguliwa juu. Kama lengo ni katoni ya kahawia, hatua hiyo aghalabu haihitajiki.

Baadaye rojo, ambalo wakati huo karibu lote ni maji, humwagwa juu ya wavu mpana unaokimbia. Maji huchuruzika chini na nyuzi hushikana juu ya wavu na kuwa utandu. Utandu huo hukamuliwa kati ya magurudumu mazito, kisha hukaushwa kwa kupitishwa juu ya mapipa ya chuma yaliyojaa mvuke wa moto. Mwishoni hupatikana karatasi ndefu inayoviringishwa kuwa gombo lenye uzito wa mamia ya kilo. Magombo hayo ndiyo hupelekwa kwa watengenezaji wa katoni, nayo safari huanza upya.

Kwa nini miti bado inahitajika

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba katoni ikisagwa kila mara, nchi haitahitaji kukata mti tena. Sivyo. Kila karatasi inaposagwa, nyuzi zake hukatika na kuwa fupi. Wataalamu hukadiria kuwa uzi mmoja huweza kutumika kati ya mara tano na saba kabla haujawa mfupi kiasi cha kupenya kwenye wavu na kwenda na maji. Kwa hiyo ni lazima nyuzi mpya ziongezwe kutoka kwenye miti.

Nyuzi mpya nchini Kenya zilihusishwa kwa muda mrefu na Webuye. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1970 kwa ubia wa serikali, wawekezaji wa India na Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC), kilisaga miti ya misonobari iliyopandwa katika nyanda za juu. Kilifungwa mapema mwaka wa 2009 kikiwa na madeni makubwa, na majaribio ya kukifufua hayakudumu hadi kilipouzwa kwa kundi la kampuni za Rai mwaka wa 2016. Kufungwa kwake kuliutikisa mji mzima wa Webuye na kuwaacha watengenezaji wa katoni wakitegemea zaidi karatasi kutoka ng'ambo.

Mnamo Februari 2018, serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, hatua iliyodumu kwa miaka kadhaa. Matukio hayo yanaonyesha kwa nini kila kilo ya katoni inayookotwa Majengo ina maana kwa viwanda: ni malighafi isiyohitaji meli wala shoka.

Siri ya pakiti ya maziwa

Waliosoma shule za msingi katika miaka ya 1980 wanakumbuka maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa na Rais Daniel arap Moi mwaka wa 1979. Maziwa hayo yalikuja katika pakiti za pembe tatu. Umbo hilo lilitokana na kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa na Ruben Rausing nchini Uswidi mwaka wa 1951.

Pakiti za maziwa yasiyohitaji jokofu huwa na takriban asilimia 75 ya karatasi ngumu, asilimia 20 ya plastiki na asilimia 5 ya alumini. Tabaka hizo huzuia mwanga, hewa na vijidudu, na ndizo zinazoyawezesha maziwa kukaa kwa miezi bila kuharibika. Lakini ndizo pia zinazotatiza usagaji. Ndani ya pipa la kiwandani, pakiti huhitaji muda mrefu zaidi ili karatasi iachane na plastiki, na mabaki ya plastiki na alumini hutafutiwa matumizi mengine. Ndiyo sababu mnunuzi wa mtaani huweza kuikataa pakiti hata kama ni safi. Isipooshwa, maziwa yaliyobakia ndani huoza na kuvutia nzi na panya bohari nzima.

Vitu vingine visivyofaa ni katoni zilizopakwa nta, zilizoloa mafuta ya chipsi au shombo la samaki, na karatasi za msalani zilizotumika. Mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo huacha madoa katika karatasi mpya. Katoni moja yenye mafuta haiharibu lori, lakini robota lililojaa uchafu huweza kurudishwa na kiwanda, hasara hiyo ikimshukia aliyelileta.

Isipookotwa huenda wapi?

Katoni isiyookotwa mjini ina njia tatu. Huenda ikachomwa kando ya barabara pamoja na plastiki, na moshi wake ukaingia katika nyumba zilizobanana. Huenda ikaziba mitaro, maji ya mvua yakakosa pa kupita na kuelekea Mto Nairobi, unaopita karibu na Gikomba. Au huenda ikapelekwa Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001 lakini likaendelea kupokea taka za jiji. Huko, karatasi iliyofukiwa huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo hupasha joto anga zaidi ya mara 25 ya hewa ya kaboni kwa kipindi cha miaka 100.

Uchunguzi uliodhaminiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka wa 2007 ulibaini kuwa nusu ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo walikuwa na kiwango cha risasi katika damu kilichopita kile kilichokubaliwa. Risasi hiyo haikutokana na katoni, lakini taka zikichanganywa, anayechakura karatasi hulazimika kugusa kila kitu: betri, sindano na vigae. Kuchambua taka nyumbani, kwa hiyo, ni suala la afya kabla ya kuwa suala la pesa.

Hatari nyingine ni moto. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliwaua watu 15. Rundo la katoni kavu lililoegemezwa kwenye kibanda cha mbao au karibu na jiko ni kuni zinazosubiri cheche. Anayezihifadhi anafaa kuziweka mbali na nyaya za umeme na kuziuza mapema badala ya kuzirundika kwa wiki nyingi akingoja bei ipande.

Sheria na wajibu

Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuzoa na kutupa taka, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017 iliwasukuma wafanyabiashara wengi kutumia vifungashio vya karatasi na vitambaa. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zitenganishwe zile zinazooza na zisizooza, na kuzitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia vitu vinavyoweza kutumika tena. Sheria hiyo pia inaweka wajibu juu ya anayetengeneza au kuagiza bidhaa kuhusu kifungashio chake hata baada ya mteja kukitupa.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako utaratibu wa aina hiyo umekuwepo kwa miaka mingi, zaidi ya asilimia 80 ya vifungashio vya karatasi hukusanywa na kutumiwa tena. Tofauti ni kwamba huko mwenye kiwanda huchangia gharama ya kukusanya. Majengo, gharama hiyo imebebwa na mgongo wa mwenye mkokoteni.

Bei anayolipwa pia huweza kuyumbishwa na mambo ya mbali. Uchina ilipozuia uagizaji wa karatasi kuukuu zilizochanganywa mwaka wa 2018, na hatimaye taka ngumu zote mwaka wa 2021, bei zilitikisika katika masoko mengi duniani. Mwokotaji asiye na akiba wala chama hana ngao dhidi ya mitikisiko hiyo.

Hatua za kumfaa ni ndogo na hazihitaji kungoja. Mwenye duka anaweza kuvunja katoni, kutoa utepe wa plastiki na kuziweka mahali pakavu. Mama wa nyumbani anaweza kutenga karatasi na mabaki ya chakula katika mifuko miwili. Wakusanyaji wanaweza kuchanga wanunue turubai, na kuuza kwa pamoja mbele ya mizani iliyokaguliwa. Kaunti nayo inaweza kuwatengea pahali penye paa karibu na soko. Katoni kavu na safi inaweza kurudi sokoni mara tano au zaidi ikiwa imebeba bidhaa mpya. Iliyolowa na kuchafuka huishia pale ilipotupwa.